Kigoda cha Mgeni wa Askofu

Babu yangu Godhana alikuwa fundi wa vigoda pale Garsen, na alikuwa na makelele. Naanza na makelele kwa sababu watu wa ukoo wetu wakimsimulia hulificha jambo hilo, wakataja ufundi tu, kana kwamba mtu hawezi kuwa na yote mawili. Alichonga kigoda kwa gogo moja la mkwaju, miguu mitatu, bila msumari wala gundi, na kabla hujakikalia alikuwa amekwisha kukieleza mpaka unatamani kusimama.

Bibi yangu Arafa, mkewe, hakuwa na kigoda. Hili nalo hulificha. Nyumba ilijaa vigoda, lakini vyote vilikuwa vya watu: hiki cha mtu wa Chara, kile cha harusi ya Ozi, hicho usikiguse, mwenyewe yuko njiani. Bibi alikalia mbuzi. Simaanishi mbuzi wa kufugwa, namaanisha mbuzi ya kukunia nazi, kile kibao cha kukalia chenye ulimi wa chuma mbele. Alikuna nazi, akimaliza akabaki hapo hapo, akachagua mchele, akanyonyesha, akapokea wageni, na ule ulimi wa meno uko mbele yake unamwangalia. Na mbuzi yenyewe ilinunuliwa Kipini, wala haikuchongwa na mumewe.

Siku ya harusi Godhana aliahidi mbele ya watu kwamba atamchongea kigoda ambacho hata mke wa liwali hana. Na kuchonga alichonga, tena si mara moja. Tatizo ni kwamba akipita mtu akasema, "Lo, hiki ni kizuri hiki," babu alikuwa hajiwezi. Sifa zilimlegeza mikono. Kigoda kikaondoka na aliyekisifu, bibi akarudi kwenye mbuzi. Baba yangu Mohamed alizaliwa, akatambaa, akaota meno, na mama yake bado hana pa kukaa.

Basi ndipo aliporudi Buya. Huyu alikuwa jirani yetu, akipeleka mpunga kwa mtumbwi mpaka Kipini, na mwaka ule safari yake ikamfikisha Mombasa. Alikaa kwenye kigoda cha mtu wa Chara, akaanza kumwaga habari.

"Wazungu wamejenga kanisa la mawe," akasema. "Jipya kabisa. Lina kuba, ukiliona kwa mbali unataka kutawadha. Na ndani mna kiti cha askofu, mkubwa wao wa dini. Kwa sababu ya kiti hicho, kanisa lile si kanisa tu. Linaitwa kathedrali."

"Kwa sababu ya kiti?" babu akauliza.

"Kwa sababu ya kiti. Hata lingekuwa banda la kuku, askofu akitia kiti chake mle, basi banda hilo ndilo kathedrali."

"Na kikitolewa?"

"Linabaki banda."

Babu akaweka chini tezo lake la kuchongea. Miaka yote hiyo alikuwa akitafuta watu wanaoheshimu kiti kwa kiasi alichotaka yeye, kumbe wako Mombasa. Akauliza kiti kinafananaje. Buya hakukiona, alichungulia mlangoni tu akafukuzwa. Akauliza kimechongwa na nani. Buya hakujua. Akauliza viko vingapi.

"Kimoja."

"Kimoja! Nyumba yote ile, kiti kimoja? Mgeni wake anakalia nini?"

Buya akasema viko vibao virefu vya watu kukaa kwa safu. Lakini babu hakusikia tena. Alikuwa amekwisha kumhurumia askofu. Mkubwa wa watu, ana nyumba ya mawe, akija mgeni wake wa maana hana cha kumpa akalie! Pale pale akatangaza kwamba atasafiri kwenda kukiona kiti cha askofu, na kwamba hatakwenda mikono mitupu. Atampelekea kigoda cha mgeni.

Bibi alikuwa palepale, juu ya mbuzi, anakuna. Aliniambia mwenyewe kwamba alisikia moto masikioni. Mgeni wa askofu, mtu ambaye hajazaliwa bado pengine, ana kigoda. Yeye hana. Alitaka kulia, lakini nazi ilikuwa haijakwisha.

Safari ikaanza kupangwa, na kupanga kwenyewe kulikuwa kazi kuliko safari. Kila jioni watu walikusanyika kwetu, wakakalia vigoda vya watu, wakashauriana. Buya alisema kanisani mwanamume huvua kofia lakini viatu huviacha miguuni. Jambo hilo liliwasumbua sana. Msikitini mtu huvua viatu akaacha kofia, na babu hakuwa na viatu, kwa hiyo miaka yote aliingia msikitini hana cha kuvua. Sasa huku alitakiwa kuvua kofia, na kofia anayo, lakini akiivua atakuwa kichwa wazi na miguu wazi mbele ya kiti cha heshima. Walilijadili mpaka wakachoka. Ikaamuliwa achukue kofia, ili apate cha kuvua, na miguu aioshe vizuri.

Mwalimu wa chuo cha Kurani naye alikuja, uso umekunjamana, akauliza kama ni kweli Godhana anabadili dini.

"Mwalimu, mimi nakwenda kuona kiti. Siendi kuona dini."

Mwalimu akafikiri. "Basi usikikalie," akasema, akaondoka, na babu akaichukua kauli hiyo kuwa ni ruhusa.

Kigoda kikachongwa. Nataka niseme ukweli hapa, ingawa nina kinyongo na mzee: kilikuwa kigoda cha ajabu. Aliupata mkwaju mwekundu, akauanika kivulini, akauchonga taratibu bila ya kupiga domo, jambo ambalo halijapata kutokea. Kisha ukaja ugomvi wa kipimo. Kigoda lazima kimfae akikaliaye, na hakuna aliyejua makalio ya mgeni wa askofu yana ukubwa gani. Buya alijitolea kukijaribu, lakini Buya alifurika pande zote. Akajaribu Halkano, Mworma mwenye ng'ombe ng'ambo ya mto, rafiki wa babu wa siku nyingi aliyetuletea maziwa na samli. Halkano alikuwa mifupa mitupu, akasema kigoda kinamuuma, babu akasema hapana, ni yeye anayekiuma kigoda.

"Tunataka mtu wa kiasi," babu akasema, akatazama huku na huku. Macho yakatua kwenye mbuzi. "Mama Mohamed, hebu njoo ukae kidogo."

Bibi akainuka, akajifuta mikono, akaja, akakaa.

Alinieleza siku ile kama watu wengine wanavyoeleza harusi yao. Alisema mgongo ulinyooka wenyewe, magoti yakamshukuru, na mbele yake hapakuwa na meno ya chuma. Babu alikuwa amepiga magoti, anachungulia miguu ya kigoda. "Vipi? Kimekwisha?"

Bibi yangu hakuwa mwongo. Lakini alijua kwamba akisema kimekwisha, kitakwenda Mombasa.

"Bado," akasema. "Kinanisukuma mbele."

Babu akakipunguza. Kesho yake akamkalisha tena. Bado, ukingo unakata. Akakisugua kwa majani ya msasa. Bado, kiko baridi. Akakiweka juani. Bado, kimekuwa moto. Bibi akawa anakaa asubuhi na jioni, kwa kazi rasmi kabisa, mikono juu ya mapaja, na mume wake fundi mkubwa wa Garsen anazunguka chini kama anayetafuta sindano. Mchele ulichaguliwa hapo. Mtoto alinyonyeshwa hapo, kwa sababu, bibi alisema, pengine mgeni wa askofu atakuja na mtoto. Mtumbwi wa Buya ukaenda Kipini ukarudi, ukaenda tena ukarudi, na babu hajaondoka kwa kuwa kigoda hakijakwisha.

Siku moja bibi aliishiwa na makosa. Alikuwa amekwisha kulalamikia kila kitu mpaka harufu. Halkano alikuwepo, anakunywa chai. Babu akauliza kama kawaida, na bibi kwa haraka haraka akasema, "Bado, Baba Mohamed. Kinayumba."

Halkano akacheka mpaka chai ikamtoka puani. "Kiti ya mguu tatu hapana yumba! Mguu nne nayumba. Mguu tatu naweka popote, nakaa tu. Ng'ombe ya mguu tatu ndio nayumba!"

Bibi akatazama chini. Alijua ameumbuka.

Na hapa ndipo babu aliponishangaza, hata leo. Kila mchonga vigoda anajua kwamba miguu mitatu haiyumbi. Ndiyo sababu yeye hakupata kuchonga minne maisha yake yote. Lakini alimgeukia Halkano kwa ukali. "Wewe unajua ng'ombe," akamwambia. "Vigoda niachie mimi." Kisha akachukua jani la msasa, akapiga magoti, akausugua polepole mguu mmoja ambao haukuwa na kosa lolote.

Lakini asidhani mtu kwamba alikuwa ameacha safari. Umaarufu ulikuwa umemkaa rohoni, na hata watu wa Wenje walikuwa wakiuliza mbona fundi haendi. Buya alipokuja kusema mtumbwi unaondoka kesho, na kwamba hatauliza tena, babu hakumkalisha bibi. Alikipaka kigoda samli ya Halkano, akakifunga kwa mkeka, asubuhi akakipeleka mwenyewe mtoni. Watu walijaa ukingoni. Buya ameshika upondo wa kusukumia. Kigoda kimekaa katikati ya magunia ya mpunga, na babu kando yake, mkono juu ya mkeka, na watu wakasema ni heshima ya safari.

Wakati wa kusukuma akashika kichwa. "Kofia!"

Kofia alikuwa ameisahau, na bila kofia hatakuwa na cha kuvua. Akaruka, akakimbia nyumbani.

Bibi alikuwa juu ya mbuzi. Hakukuna nazi, alikaa tu. Babu akaichukua kofia ukutani, akageuka kutoka, na akaona pale sakafuni, kwenye udongo, alama tatu za miguu ya kigoda. Zilikuwa zimezama vizuri, kwa miezi yote ile ya majaribio.

Akasimama mlangoni.

"Mama Mohamed," akasema, "kigoda cha miguu mitatu kinayumbaje?"

"Hakiyumbi," bibi akasema. "Hakina kosa hata moja. Kosa lake ni kwamba kinaondoka." Kisha, kwa kuwa amekwisha kuanza, akasema yote. "Uliniahidi mbele ya watu, Baba Mohamed. Nimekaa na meno haya tangu nilipokuja kwako. Kila mtu atokaye mbali ana kigoda chako, nami niliye karibu sina. Naona uchungu."

Babu akatazama zile alama tatu, akatazama nyumba, makuti, chungu, mtoto amelala kwenye mkeka, akajisemea, "Kikitolewa, banda tu."

Akarudi mtoni mbio. Watu waliokuwa ukingoni walimwona akiingia mtumbwini, wakapiga vigelegele, kisha wakamwona akitoka na mkeka wa kigoda begani, wakampisha njia.

"Godhana! Na askofu nimwambie nini?" Buya akapiga kelele.

"Mwambie mgeni wake akae mkekani!"

Akakifungua kigoda nyumbani, akaiweka miguu mitatu juu ya alama zake tatu, na ikaingia sawasawa. Bibi akahama kwenye mbuzi, akakaa. Babu akavua kofia. Mimi sijui kwa nini alivua, pengine alikuwa ameizoea habari hiyo. Akapiga magoti kama zamani.

"Vipi?" akauliza. "Kimekwisha?"

Bibi akajisogeza kidogo, akafikiri.

"Bado," akasema. "Kinayumba."

Mombasa babu hakufika mpaka kufa kwake. Watu walimtania, wakamwita bibi Askofu, na bibi aliitika. Waliopita wakakisifu kigoda waliambiwa na babu, kwa makelele yake yote, kwamba hakiuzwi kwa sababu hakijakwisha. Na kweli, nilipokuwa mdogo nilimwona kwa macho yangu, mzee hana meno, ameshika jani la msasa, anausugua mguu uleule, na bibi juu ya kigoda anasema bado, bado kidogo.

Babu alipofariki, wanawake walikaa mkekani kama ilivyo desturi, lakini bibi alikataa. Alikaa kwenye kigoda chake siku zote za matanga. Mgeni mmoja, mtu wa kutoka Ozi asiyejua lolote, alikitazama akasema, "Lo, mama, hiki ni kizuri hiki."

Bibi akapapasa kingo kwa vidole.

"Ahsante," akasema. "Sasa kimekwisha."