Bipu Tatu za Mghoi

Nakumbuka Jumanne moja kule Riyadh, mwanangu, nikianika nguo juu ya nyumba ya kafili wangu, yule tajiri aliyeniajiri, simu ikalia mara moja ikakatika. Alikuwa Mghoi. Tulitoka Taita pamoja, mimi nikapelekwa Riyadh, yeye Jeddah. Madam wake alimnyang'anya simu, akabaki na kasimu kadogo alikokaficha kwenye gunia la mchele, hakana salio. Kwa hiyo tulikubaliana: akibipu, yaani simu ilie mara moja akate, nimpigie.

Akabipu tena. Na tena. Wajua nilisema nini? "Huyu naye na vilio vyake!" Jua kali, mikono ina sabuni, na nilishachoka kusikia habari za madam wake. Nikaizima simu. Nilikuwa na roho ngumu ujanani, sikufichi.

Alhamisi nilipompigia, hapatikani. Wiki iliyofuata dereva wa nyumba ya madam wake, Mkenya mwenzetu, akanipa habari. Mghoi alishikwa na homa, akafungiwa chumbani, akafa humo. Karatasi zilisema moyo ulisimama. Kwani kuna maiti ambaye moyo wake unakwenda?

Mkataba ulipoisha nikarudi Taita, nikaenda kwa baba yake, Mzee Mwakio, aliyekuwa tarishi wa posta. Nikamweleza yote.

"Alikupigia mara ngapi?" akaniuliza.

"Tatu, baba."

"Zamani simu ilikuwa ile karatasi ya habari za haraka," akasema. "Wakubwa wetu walituambia neno lenyewe limetoka Uajemi, maana yake waya. Nimezipeleka kwa baiskeli miaka mingi. Mtu akisikia ana simu, anaacha jembe pale pale. Sikuwahi kuambiwa nirudi kesho."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Siku hizi mkisema simu mnafikiria picha na vichekesho, na mkiona jina la mtu msumbufu mnaigeuza kifudifudi mezani. Najua, nimewaona. Sasa unakwenda Jeddah, mwanangu. Mwenzako akikubipu, mpigie, hata kama jana alikuchosha. Na wewe ukiugua, usiningojee mimi peke yangu. Bipu kila mtu unayemjua, mpaka mmoja akasirike akupigie kukugombeza.

Mungu akutangulie, akupe nyumba yenye watu wenye huruma, akurudishe kwa miguu yako mwenyewe. Namba yangu unayo. Kwangu bipu moja yatosha.