Milioni Moja na Moja

Mpaka leo nikiandika 1,000,001 ubaoni, naikandamiza chaki kwa hasira mpaka inakatika. Namba yenyewe haina kosa, maskini. Haijamdhulumu mtu.

Nilimpeleka mwanafunzi wangu wa kidato cha pili kutoka Mlandizi hadi Kibaha, kwenye mashindano ya hesabu. Mshindi mmoja tu ndiye angeendelea ngazi ya taifa, na binti yule aliitaka nafasi hiyo kuliko chakula. Swali la mwisho likaja: je, milioni moja na moja ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe?

Mpinzani wake, kijana wa Kongowe, akajibu ni tasa. Wangu akasema siyo. Jaji mkuu akampa kijana ushindi, ukumbi mzima ukapiga makofi.

Hivi jamani! Nilijua jaji na kijana walichofanya. Shuleni sote tumezoea kujaribu kwa mbili, tatu, tano, saba na kumi na moja. Zote zikikataa tunasema tasa, tunafungua ukurasa mwingine. Kwa namba ndogo ndogo za darasani haikuangushi. Lakini milioni? Ni sawa na kumtafuta mbuzi aliyepotea uani kwako tu, kisha ukatangaza amekufa.

Nikaenda mbele. Jaji mkuu ndiye aliyenifundisha hesabu mimi mwenyewe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa, mwanangu, tumeshamaliza."

"Naomba mumsikilize kidogo tu."

Binti akachukua chaki. Akaonyesha kwamba 101 mara 9,900 ni 999,900. Ukiongeza 101 nyingine, hiyo hapo milioni moja na moja. Basi 101 inaigawa mara 9,901 na haibaki hata chembe. Mtoto wa darasa la nne angeelewa.

Mwalimu wangu alielewa. Naapa alielewa, maana alivua miwani, akautazama ubao weee, kisha akaniinamia sikioni.

"Yuko sahihi kabisa," akanong'ona. "Lakini tumeshatangaza, na wageni wamekaa pale. Tutaonekanaje?"

Halafu akaufuta ubao kwa mkono wake mwenyewe, binti bado kashika chaki.

Nilichemka! Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii aliyemfundisha, na sijutii hata moja. Hayakusaidia kitu. Aliyekwenda taifa ni yule kijana, na wala simlaumu, alijibu alivyofundishwa.

Jumatatu nikaandika 10,001 ubaoni, nikauliza kama ni tasa. Siku zote mkono wa binti yule huwa juu kabla sijamaliza kuuliza. Safari hii aliinama, anachezea kifuniko cha kalamu. Nikamwita. Akasimama taratibu, hata namba yenyewe hakuitazama.

"Mwalimu," akasema, "niambie kwanza, wenyewe wanataka iwe nini?"