Mlinzi Aliyepima Viganja

Mlinzi wa lango la kiwanda cha nguo hakuamini nyuso, hakuamini viapo, na vitambulisho ndiyo kabisa. Aliamini viganja. Jioni, kila mfanyakazi akitoka, alimpa mkono. Kiganja kikavu, pita. Kiganja chenye jasho, kaa pembeni ufungue mkoba. Miaka kumi na miwili ya kushikana mikono, hadi wakambatiza jina la Kipimo.

Sasa zipu zilikuwa zinapotea, na meneja alishasema: "Ijumaa niletee jina la mwizi. La sivyo natafuta mlinzi mwingine."

Jina alikuwa nalo, ila alisita kulitaja. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, anayekaa kwao na ambaye Kipimo mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi, alikuwa na kiganja baridi, chepechepe kama kitambaa cha kufutia meza. Siku tatu alimkagua, siku tatu akaambulia chanuo na mwavuli. Hilo likamzidishia shaka. Mwizi gani mjinga atabeba kitu akijua atakaguliwa? Hata nyumbani alimchunguza mezani. Akila haraka, ana la kuficha. Akila polepole, anapanga.

Alhamisi, pale langoni, shemeji uvumilivu ulimwisha. "Shemeji, ikifika saa tisa nikikukumbuka tu, moyo unanienda mbio, mate yananikauka. Huo mkono utaukuta mkavu vipi?"

"Asiye na hatia haogopi."

"Haya, endelea. Siku utakayompa mkono chura, utamfunga maisha."

Nyuma yake mtunza stoo aliangua kicheko, akatoa mkono mkavu, wenye joto zuri. "Vipi Kipimo, nimefaulu?" Akapita na chupa yake ya chai.

Ijumaa mchana Kipimo alikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya meneja, jina la shemeji likiwa kwenye ncha ya ulimi. Ulimi wenyewe ulikuwa umegandamana na kaakaa. Alipojifuta kwenye suruali, kiganja kiliacha alama ya maji.

Akakikodolea macho. Yeye hajaiba hata uzi.

Ndipo akang'amua: miaka yote hiyo amewapekua waoga. Mikoba ya wakavu hakuwahi kuigusa.

"Jina?" meneja aliuliza.

"Sina, bosi. Leo tukague wote, bila kubagua."

"Na tukikosa?"

"Nitolewe mimi."

Jioni hakumpa mtu mkono. Mtunza stoo alifika kwenye meza ya ukaguzi na tabasamu lilelile. "Hata mimi, mzee?"

"Fungua chupa."

Aliifungua bila kutetemeka hata kidole. Zipu zikamwagika mezani, wala hakukuwa na tone la chai.

Kazi ya Kipimo ikapona. Shemeji alipofika, alimnyooshea mkono, safari hii wa kuomba radhi. Shemeji aliutazama, akaufungua mkoba wake, akasubiri akaguliwe kama wenzake.

"Mwambie dada nahama," alisema. "Vitu vyangu nitavifuata Jumapili, ukiwa kazini."