Chachu Isiyopenda Joto

Nimelala miji mingi tangu hapo, lakini joto likizidi mawazo yangu hurudi Mlabani, miaka ya tisini, kwenye nyumba ya mama mpika pombe nilimopanga chumba.

Binti yake, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuja kumuuguza mguu. Alibeba vichupa vya chachu ndani ya sanduku la barafu. Vingine viliozea chuoni friji ilipokufa. Utafiti wake wote ulibaki kwenye hivyo vya sandukuni.

"Hii si ya pombe, mdogo wangu," aliniambia. Ndani ya chachu kuna kimeng'enya, kama mkasi mdogo, kinachokata RNA, nakala ya vinasaba, ikiwa bado mbichi, mpaka ifae kwa kazi. Katika chachu yake kimeng'enya hicho kilikuwa na kilema: penye ubaridi kinafanya kazi, penye joto kinagoma. RNA inarundikana bila kukatwa, chachu inakufa. Kwa kukitazama kikishindwa ndivyo alivyojifunza kazi ya kimeng'enya hicho.

Umeme ulikatika, barafu ikayeyuka. Akazika vichupa kwenye mchanga mbichi chini ya mtungi, akaenda kutafuta barafu.

"Mama, nitunzie chachu yangu."

Niliporudi kutoka mashine ya mpunga, mchanga ulikuwa umefukuliwa. Moshi ulijaa jikoni. Vichupa vilikuwa kando ya mafiga, vimefungwa kanga kuukuu, kama mama alivyofunga chungu cha pombe yake.

"Shikamoo mama. Hivyo si vya dada?"

"Marahaba. Nimevikuta baridi kama maiti! Chuo kizima hawajui kuamsha chachu?" Akacheka.

"Joto linaiua, mama."

"Wewe! Nilipika pombe hujazaliwa."

Nilivirudisha mchangani. Vilinichoma kiganja. Dada aliporudi na barafu nilimweleza. Akavishika kimoja kimoja.

Baada ya siku kadhaa mama ndiye aliyeita kwa furaha: "Njooni! Imeota!"

Vidoa vyeupe, vichache, vilikuwa vimetokeza ndani ya vichupa. Dada alivitazama mpaka furaha ya mama ikaisha usoni.

"Zangu zimekufa, mama. Hizi zimepona joto kwa sababu zimebadilika, hazina kilema tena. Sina tena cha kutazama kikishindwa."

"Si ndizo zenye nguvu?"

Mama, kwa sauti ndogo, akauliza kama anaweza kuzitia kwenye pombe.

"Tia."

Kesho yake povu lilifurika hadi sakafuni, wateja wakaisifu pombe. Dada alikaa mlangoni na sanduku tupu, akisikiliza chungu kikichemka bila moto.