Ukuta wa Kuegemewa na Wageni

Mwanangu, siku niliyorudi Temeke kutoka Kampala na diploma yangu ya ujenzi naiona kama jana. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, na wenye diploma mtaani kwetu ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, vingine vikabaki. Badala ya kunipongeza, vijana wa barazani walicheka. "Huyu wa kukaa ofisini na Wazungu. Hata banda la kuku hawezi kulipaka rangi!" Sikuwa mtu wa kujibizana, nilikuwa mtu wa kazi, na mpaka leo sijamwona aliyenipita.

Kazi ya kwanza alinipa jirani yetu Bi Zena, mjane aliyekuwa akimwoza binti yake wa pekee. Alitaka sebule na chumba cha bibi harusi vipakwe rangi ya mafuta, kijani. Kuta zake za miti na udongo zilikuwa zimepakwa chokaa kila mwaka kabla ya Idi, tabaka juu ya tabaka. Nikapitisha kiganja ukutani, kikarudi cheupe kama nimekanda unga.

"Bi Zena, hapa lazima tukwangue, kisha tupake praima, ile rangi ya kwanza inayoshika ukuta. Ikikauka ndipo tulete kijani."

Kaka yake, Mzee Shomari, akadakia. "Rangi chini ya rangi! Nani ataiona? Huko Kampala wamekufundisha kutumaliza?"

"Haitaonekana, mjomba. Lakini wageni wataegemea."

"Harusi ni Ijumaa ijayo, baba," Bi Zena alisema. "Mashangazi wa bwana harusi wanatoka Kariakoo, na midomo yao naijua. Wakipata la kunicheka, mwanangu atasimangwa huko aendako."

Nikamwambia kweli. Muda ulitosha chumba kimoja kwa kazi ya haki, au vyote viwili kwa kulipua. Achague. Akamtazama kaka yake, akanitazama mimi. "Nitengenezee sebule. Ndiko watakakokaa."

Mzee Shomari akanuna. Akachukua brashi mwenyewe, akapaka chumba cha bibi harusi kijani juu ya chokaa, alasiri moja tu akamaliza. Kila akipita sebuleni ananiambia, "Diploma bado inakwangua?"

Ijumaa ikafika. Wanawake wakajaa mikekani, migongo ukutani, mabuibui meusi wameyashusha mabegani. Shangazi mkubwa wa bwana harusi, mama wa mwili haswa, aliegemea ukuta wangu tangu adhuhuri. Mdogo wake akaingia chumbani kutazama kitanda, akajiegemeza kidogo avue viatu. Alipotoka, bega zima lilikuwa na magamba ya kijani na vumbi jeupe.

Bi Zena akasimama na sinia la halua mkononi, hajui aliweke wapi.

Shangazi mkubwa akainuka taratibu, akageuka. "Na mimi je? Nitazameni mgongo." Ulikuwa mweusi tii. Akaangua kicheko. "Basi njooni mkae na mie huku! Kule tumwachie bwana harusi, atoke na kanzu ya kijani!" Vigelegele vikapasua paa, na Bi Zena akaweza kupumua.

Kesho yake Mzee Shomari alinijia nyumbani. "Mjomba, ile praima ilibaki?"

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujafungua kopo la rangi, pitisha kiganja ukutani. Kikitoka na chokaa, kwangua, upake praima. Ukuta una masizi, praima. Plasta mpya, iache ikauke kabisa, kisha praima. Lakini ukiikuta rangi ya zamani imeshika imara, ioshe, ipige msasa, upake juu yake bila kupoteza fedha. Na mwenye nyumba akikuharakisha, mwambie kweli mapema, hata kama kazi itakuponyoka.

Mola akupe mikono yenye subira, na kila atakayeegemea ukuta wako ainuke safi, akuombee heri.