Oili Nyeusi

Mume wangu alinivunja taya Jumapili moja mchana, uani kwetu, miaka michache kabla ya uhuru. Ugomvi ulikuwa wa oili ya gari.

Alikuwa dereva wa teksi hapa Mwanza. Gari lilikuwa dogo, lilikwisha kupita mikono ya watu wawili kabla yake, na injini yake ilikuwa ya petroli, silinda nne. Kwenye mlima ilipumua kama mgonjwa, lakini haikula mafuta mengi. Alilipenda gari lile, na bado alilipiga mateke. Asubuhi likikataa kuwaka, alichomeka hendeli, lile chuma la kuwashia injini, kule mbele akaizungusha huku akitukana. Siku moja injini iliirudisha kinyume kwa nguvu, hendeli ikamchapa kifundo cha mkono. Akaingia ndani akanipiga mimi.

Mama yake tuliishi naye, chumba cha pili. Kila nilipopigwa, mama mkwe alichukua mchi akaanza kutwanga. Hata kama kinu kilikuwa na mahindi kidogo tu, alitwanga mpaka mwanawe aache.

Mimi nilitoka Magu, nikasoma kwa wamisionari hadi darasa la sita. Yeye hakusoma. Gari lilikuja na kitabu cha Kiingereza, basi nikawa msomaji wake. Yeye alizamisha kichwa ndani ya boneti, mimi nikakaa kwenye kigoda nikisoma na kumweleza kwa Kiswahili. Siku ya kwanza nilimsomea mwanya wa plagi.

"Inchi moja uikate vipande elfu," nikasema, "halafu uchukue ishirini na tano."

"Elfu? Nani anaweza kukata inchi vipande elfu?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, bwana."

"Unanichezea." Akanizaba kofi, kitabu kikaangukia vumbini.

Kesho yake alikwenda kwa fundi magari aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mzee wa Kiislamu, mtu wa watu. Fundi akamwonyesha vipande vyembamba vya chuma vya kupimia mwanya, akamwambia kuwa mkewe amesoma sawasawa. Mume wangu alirudi na vipimo vile mfukoni.

Nikajifunza. Nilijua valvu zipimwe injini ikiwa moto au baridi. Nilijua rejeta ikichemka usiifungue, ingawa yeye aliifungua, maji yakamuunguza shingo, na mimi nikalipia kwa kipigo. Nilijua mlio wa injini yetu kama mama anavyojua kikohozi cha mtoto. Kwa hiyo ilipoanza kugonga kwa chini, ngo-ngo-ngo, hasa akikanyaga mafuta, nilimwambia.

"Oili, bwana. Kitabu kinasema imwagwe yote, iwekwe mpya. Wewe unaongeza tu, tena iliyokwisha kutumika."

Alichomoa kijiti cha kupimia, akakiinua juani. Oili ilidondoka kama lami.

"Unaona? Nyeusi. Oili ikiwa nyeusi ndiyo imekomaa."

Wiki hiyohiyo alichukua karani mmoja wa pamba kumpeleka njia ya Kisesa. Injini ikanoki, ikakwama kabisa katikati ya vumbi, wakavutwa na lori hadi nyumbani. Karani alishuka akimtukana mbele ya majirani wote.

Jumapili fundi akaja kuifungua. Alitandika gunia uani, akamimina petroli kwenye karai la kuoshea vyuma. Mimi nilikuwa kwenye jiko la mkaa, nimebandika maharage. Fundi alitoa zile metali zinazoshika mikono ya pistoni, akaziweka kiganjani. Zilikuwa zimelika, zimechanika kama ganda la yai. Chini ya injini kulikuwa na uji mweusi.

"Hii oili ina umri gani?" fundi akauliza.

"Muulize huyo," mume wangu akasema. "Yeye ndiye msomaji. Alinisomea vibaya."

Nilikuwa nimechoka. Nikasema, "Mzee, nilimwambia abadilishe. Akaniambia nyeusi ndiyo imekomaa."

Fundi akacheka. Hakucheka kwa ubaya, alishindwa tu kujizuia. Kisha adhana ikasikika, akafuta mikono akaenda kuswali.

Sikuona hendeli ikija. Nilisikia kitu kikivunjika ndani ya kichwa changu, nikajikuta chini, damu na vipande vya meno mdomoni. Kule chumbani, mchi ukaanza. Mume wangu akainua hendeli mara ya pili. Karai lilikuwa karibu na mkono wangu. Nililibeba kwa mikono miwili nikammwagia petroli yote, kuanzia usoni hadi miguuni.

Akapiga ukelele, akarudi nyuma akijifuta macho, hendeli ikamponyoka. Mimi nikatambaa hadi kwenye jiko, nikachukua koleo, nikabana kaa la moto. Nikasimama. Kati yetu kulikuwa na hatua labda sita. Alipofumbua macho akaliona lile kaa, akawa kama mti.

Nilitaka kulirusha. Sitasema uongo nikiwa mzee. Niliona jinsi atakavyowaka, na moyo wangu ulitulia.

Mchi ulinyamaza. Mama mkwe akatoka mbio, kanga imemdondoka kichwani, akapiga magoti kati yetu, uso kwangu.

"Mwanangu, usiniulie mwanangu!"

Miaka mitatu ya ndoa sikuwahi kumsikia akimwambia mwanawe maneno hayo kwa ajili yangu. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini taya halikufunguka. Tukabaki hivyo, kaa likifunikwa na majivu taratibu, mpaka fundi aliporudi. Alitazama mara moja tu. Akanijia kwa upande, akashika koleo juu ya mkono wangu, akasema, "Nipe, binti. Nipe mimi," akalitumbukiza kaa kwenye sufuria ya maharage.

Baba yangu alikuja kunichukua hospitali. Talaka ilipatikana bila maneno mengi, maana mume wangu hakutaka kukaa chumba kimoja nami tena. Fundi aliikarabati injini, nikasikia gari limeuzwa Shinyanga.

Mwaka wa uhuru nilikuwa nimerudi mjini, nauza vipuri katika duka moja karibu na soko, kwa sababu nilijua kusoma maandishi ya kwenye maboksi. Asubuhi moja mama mkwe aliingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Hakuja kununua kitu. Alinitazama taya, lililounga upande, akaligusa kwa vidole viwili. Kisha akakunja mkono wa gauni lake. Kiwiko chake kilikuwa kimepinda kwa nje.

"Baba yake mwanangu," akasema. "Mimi ilikuwa mwiko wa ugali."

Nikamvutia kiti, tukakaa hadi duka likajaa watu.