Unakula Wapi, Mume Wangu?

Mama yangu alikuwa mpishi wa shughuli pale Tabora mjini. Palipokuwa na harusi au maulidi walimwita yeye, na aliporudi jioni alikuwa amenifungia ukoko wa pilau kwenye jani la mgomba. Kwake yeye, mtoto anayebakiza chakula ama ni mgonjwa ama hana adabu. Mimi sikuwa mgonjwa, na adabu ya namna hiyo nilikuwa nayo tele.

Nikajifunza ushonaji, nikapata kibaraza cha kuweka cherehani yangu karibu na soko. Ni kazi ya kukaa kutwa. Baadaye mama akafariki, nami nikaoa binti wa Bukene. Kwao walilima mpunga na kufuga ng'ombe, na kaka yake kila alipokuja kwa treni alishuka na mchele mpya, samli, na debe la asali ya porini. Mke wangu alijua kupika vya kwao, akajifunza na vya mjini. Asubuhi nilikula matobolwa, yale mapande ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga za kukaanga. Mchana ugali na kuku wa karanga. Usiku wali wa samli. Kwenye asali nilichovya mkate muda wowote niliopita karibu na debe.

Nikanenepa. Mwanzoni watu walinisifu, wakasema ndoa imenikubali. Suruali zangu nilizifumua na kuzitanua mwenyewe, na kitambaa kilipoisha nikashona nyingine. Kisha likaja Azimio la ujamaa, na maneno ya watu yakabadilika. Magazetini mnyonyaji alichorwa na tumbo kubwa, na mimi ambaye mali yangu yote ilikuwa cherehani moja nikawa nafanana naye. Siku moja kwenye mkutano wa mtaa, msemaji alipofika kwenye makupe wanaonyonya jasho la wakulima, safu nzima ya mbele iligeuka kunitazama, ikaangua kicheko, na jina la kupe likanibaki. Nilicheka nao. Nilipofika nyumbani nikala sahani mbili.

Siasa niliweza kuicheka. Ugonjwa wa baba yangu sikuweza. Baba alikufa kwa kisukari nikiwa bado kijana. Nakumbuka kiu yake isiyokatika, kidonda cha mguuni kilichokataa kupona, na sisimizi waliokusanyika kila alipokwenda haja ndogo. Watu wazima walinong'ona juu ya wale sisimizi hata kabla baba hajapelekwa hospitali.

Basi asubuhi moja niliingia bafuni kwetu, kile kiua kidogo nyuma ya nyumba, nikawaona. Wametoka kwenye ufa wa ukuta, mstari mweusi, wamejazana pale pale nilipokojoa alfajiri. Niliegemea ukuta.

Sikumwambia mtu. Nilijiona kama nimekwisha kuhukumiwa, na nikaamua kwamba dawa ni njaa. Mchana ule mke wangu alileta ugali na uyoga wa karanga, chakula ambacho kwa kawaida ningelamba bakuli lake. Nikamega matonge machache, nikanawa.

"Umeshiba?" akaniuliza.

"Nimeshiba."

Akanitazama kama mtu aliyesikia mlango ukibishwa nyumba ya jirani. Ikawa hivyo siku baada ya siku. Asali sikuigusa. Wali niliutawanya sahanini ili uonekane umeliwa. Kibarazani kizunguzungu kilinishika, nikajidunga sindano ya cherehani kidoleni. Nilipopita kwa muuza mishikaki nilivuka upande wa pili wa barabara, na bado moshi wake ulinifuata. Nilianza kupungua, mashavu yakaanguka, na mke wangu alikuwa anaona yote.

Alasiri moja nilirudi nikamkuta ameketi mkekani na dada yangu mkubwa, aliyekuwa akikaa Ipuli. Katikati yao palikuwa na chakula kimefunikwa kawa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa. Mke wangu hakuniangalia. Aliangalia kawa.

"Nataka useme mbele ya dada yako," akasema. "Unakula wapi, mume wangu?"

"Nakula hapa hapa."

"Hapa huli. Na mwanamume asiyekula kwake ana pa kula. Nimjue tu huyo anayenishinda kupika."

Dada akaingilia. "Kama umepata mwanamke mwingine sema, ndugu yangu. Mkeo hajakukosea kitu."

Nikawaambia, "Hakuna mwanamke. Nimerithi ugonjwa wa baba." Nikaeleza habari ya sisimizi, na kwamba tangu siku ile nilikuwa najinyima ili nisife mapema.

Dada alijifunika uso kwa khanga. Lakini mke wangu aliinua kichwa.

"Sisimizi gani? Walikuwa wapi hasa?"

"Bafuni, kwenye ule ufa wa ukutani."

"Siku zile kaka alipoleta asali mpya?"

"Nadhani."

Akasimama wima. "Mimi ndiye niliyeosha debe la zamani mle ndani! Maji yake niliyamwaga pale pale!" Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, akanipiga begani kwa kiganja. "Mimi nasubiri kuletewa mke mwenza, wewe kumbe unakimbia sisimizi!"

Tulicheka wote watatu. Dada ndiye aliyetangulia kunyamaza. "Msifurahi bado," akasema. "Ugonjwa wa baba ulikuwa wa kweli. Kesho mwende hospitali."

Tukaenda asubuhi. Tabibu alikuwa mtu wa maneno machache. Alinipa kichupa nikakirudisha na mkojo, naye akadondosha matone machache ndani ya dawa ya buluu iliyokuwa kwenye mrija wa kioo, akaushika kwa kibano juu ya moto.

"Ikigeuka kijani, sukari ipo kidogo," akasema. "Ikiwa nyekundu kama tofali, ipo nyingi. Ikibaki buluu, huna."

Dawa ikaanza kuchemka. Mke wangu alikuwa amekamata upindo wa shati langu nyuma kwa nguvu, nikasikia nyuzi zikilia. Viputo vilipanda, vikashuka. Mimi niliona kijani mara kadhaa, na kila mara haikuwa kijani. Tabibu akauondoa mrija motoni, akauelekeza dirishani. Buluu.

"Huna," akasema.

"Unasemaje?"

"Nasema huna kisukari."

Nikamwomba arudie tena, akarudia bila kuchoka. Kisha akanipima uzito na presha, na hapo akakunja uso. "Lakini mwili huu umekuelemea. Presha imeanza kupanda, na baba yako alikuwa na ugonjwa ule. Ukiendelea hivi utaupata na wewe."

"Basi niache kula?"

"Nani amekwambia uache? Kula kidogo, tembea sana. Kizunguzungu chako ni njaa uliyojitafutia."

Nje ya geti kulikuwa na mama anachoma mihogo. Mke wangu akaniuliza kama nina njaa, nikamwambia nakufa. Tukagawana muhogo mmoja wenye chumvi na pilipili, tumekaa juu ya jiwe, tukautafuna taratibu. Sijui kama nimewahi kula kitu kitamu kuliko ule muhogo. Nilikuwa mwepesi moyoni mpaka nikawasalimia watu nisiowajua.

Mapatano yetu tuliyafanya njiani. Yeye alisema pilau ya Ijumaa haiachi, nami sikubisha. Samli ataipima kwa kijiko mbele ya macho yangu. Siku nyingine tutakula mlenda na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa ambayo mama yake hupika na karanga kidogo. Na tulipopata kipande cha shamba Itetemia, tulikwenda kwa miguu kila asubuhi kabla sijafungua cherehani. Wiki za kwanza nilihema kama mvukuto. Baadaye nikawa namwacha mke wangu nyuma, naye akawa analalamika.

Tumbo halikuisha. Lilipungua tu kiasi cha kunifanya nizikate suruali zile nilizozitanua, na hata lile jina la kupe likasahaulika. Sukari ilipoadimika madukani na watu wakawa wanapanga foleni tangu mapema, sisi tulikuwa tumekwisha kuzoea chai ya tangawizi isiyo na kitu. Kila mwaka tabibu alichemsha ile dawa yake, na kila mwaka mke wangu alikuja nami, ingawa shati hakulishika tena.

Sasa nimeupita umri aliofia baba. Miguu yangu yote ni mizima. Leo ni Ijumaa, na kutoka jikoni nasikia bizari zikitwangwa, na mke wangu akiniita nikamsaidie kuchambua mchele.